Mtambo wa Mkono wa Kung'arisha Viatu

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo pengine mtu ataliona dogo, nalo ni kung'arisha viatu. Na zaidi juu ya mtambo mmoja wa kuzungushwa kwa mkono, ambao sisi wenyewe tuliutengeneza ili ufanye kazi hiyo, tukaupeleka Kanyenye, tukaaibika.

Kanyenye tunayoisema ni mtaa wa mjini Tabora. Mwenye kusoma vitabu vya wasafiri wa kale asije akachanganyikiwa, maana iko Kanyenye nyingine ya Ugogo, ambako misafara ilitozwa hongo ipate kupita. Burton na Speke waliipita hiyo mwaka 1857, wakaendelea mpaka Kazeh, nalo ni jina la zamani la mahali petu hapa. Kanyenye yetu ni ya Unyamwezi, nchi ya miembe na mchanga. Mchanga huo ndio mwanzo wa maneno yetu. Wakati wa kiangazi ukitoka nyumbani na viatu vyeusi, hufiki sokoni navyo vikiwa vyeusi; vimekwisha kuwa na rangi ya njia.

Zamani taabu hiyo haikuwako, kwa kuwa viatu vilikuwa vichache. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kutoka hapa hata Bagamoyo, mwendo wa miezi mitatu hivi kwa msafara, na mzigo wa karibu frasila mbili begani, wengi wao wakienda miguu mitupu, au wamevaa ndara za ngozi walizojikatia wenyewe. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Tena zikaja shule, na ofisi, na makanisa, na majeshi, na kila mmoja wa hao alikuja na sheria yake ya viatu. Sisi tuliosomeshwa katika shule ya misheni twakumbuka sana ukaguzi wa Jumatatu asubuhi: mwalimu wa zamu hakututazama nyuso kwanza, alitazama chini. Aliyekuwa na vumbi miguuni alijua mapema kwamba siku yake imeharibika.

Basi, chini ya mwembe mmoja karibu na soko, hukaa kijana ambaye kazi yake ni kupiga viatu kiwi, au kama wasemavyo watu wa mjini, shushaina. Jina lake hatutalitaja, maana hakutuomba tumtangaze. Umri wake yapata miaka kumi na minane. Ana sanduku la mbao lenye mahali pa kuweka mguu, brashi mbili, vitambaa, mswaki wa zamani wa kusafishia pembe za soli, na kopo la maji. Mtu mwenye viatu akipita, hamwiti kwa maneno. Hugonga sanduku kwa mgongo wa brashi, ko, ko, ko, na mpitaji hutazama miguu yake mwenyewe, akaona haya, akasimama.

Twamfahamu kwa muda mrefu, kwa kuwa njia yetu ya kwenda chuoni hupita hapo. Anakaa na bibi yake pamoja na dada yake mdogo. Mwaka juzi, mwezi wa Septemba, yule dada alifanya mtihani wa darasa la saba, na kila mtu mtaani alisema kwamba atapita. Neno hilo, ambalo kwa nyumba nyingine ni furaha tupu, kwa kijana huyu lilikuwa furaha na hofu pamoja. Maana ada imekwisha kufutwa katika shule za sekondari za serikali tangu mwaka 2016, lakini godoro halikufutwa, wala sanduku la chuma, wala sare, wala daftari. Alituambia siku moja, bila kulalamika, huku akitusugulia kiatu cha kushoto: "Mwalimu, mimi siogopi afeli. Naogopa afaulu mwezi wa kumi na mbili, na Januari nisiwe na kitu."

Maneno hayo tulikwenda nayo nyumbani. Na kwa kuwa sisi ni mwalimu, na ugonjwa wa walimu ni kudhani kwamba kila shida ya mtu ni somo ambalo bado hajafundishwa, tukaanza kuwaza namna ya kumwongezea maarifa. Tuliona kwamba kwa siku moja hupata jozi kumi na mbili, siku njema kumi na tano. Tukasema, shida ni mkono wake. Mkono ukipata mtambo, jozi zitakuwa arobaini.

Lakini kabla ya kuueleza mtambo wenyewe, tueleze kiatu hung'aa kwa sababu gani, maana wengi hufanya kazi hiyo kila siku nao hawajapata kujiuliza.

Ngozi ya kiatu ukiitazama kwa kioo cha kukuzia ni kama shamba lililolimwa: ina matuta, na mifereji, na vitundu. Nuru ikiangukia hapo hutawanyika huku na huku, na jicho huona weusi uliofifia. Dawa ya viatu kazi yake ni kujaza mifereji ile. Ndani yake mna vitu vitatu: nta, rangi, na maji ya kuyeyushia kama vile tapentaini, ambayo hutokana na utomvu wa misonobari. Ukiipaka, yale maji hupotea hewani, nayo ndiyo harufu unayoisikia. Rangi huingia katika ngozi. Nta hubaki juu. Halafu huja brashi. Brashi ikienda na kurudi kwa kasi hutia joto, kama vile viganja vya mikono vikisuguana asubuhi ya baridi, na joto hilo hulainisha nta, nayo hujilaza sawasawa kama maji ya bwawa yaliyotulia. Uso ukiwa sawa, nuru hairudi ovyo, hurudi kwa pamoja. Ndipo mtu aweza kuona kivuli cha mwembe katika ncha ya kiatu chake. Kwa hiyo aking'arishacho shushaina si weusi. Hung'arisha usawa.

Tena watu wa Tabora wana sababu ya kujivunia jambo hili, nao hawalijui. Nta! Misitu yetu ya miombo ni nchi ya nyuki. Tangu zamani za Wajerumani nta ya nchi hii imekuwa ikisafirishwa kwenda ng'ambo, na wazee wetu waliopanda mitini kutundika mizinga ya magome na ya magogo hawakuuliza yaenda kufanya kazi gani huko. Sehemu yake ilitengenezwa mishumaa, sehemu ikawa dawa ya kung'arishia meza na viatu. Nta ya nyuki huyeyuka kwa joto la digrii 62 hata 64 hivi. Iko na nta nyingine ngumu zaidi, itokayo katika majani ya mnazi wa aina yake huko Brazili, huyeyuka kwa digrii zaidi ya 80, nayo ndiyo itoayo ule mng'ao mkali wa dawa za makopo. Hata kopo la Kiwi, ambalo jina lake limekuwa jina la kazi nzima, lina historia fupi ya kupendeza: William Ramsay alianza kuiuza dawa hiyo mjini Melbourne, Australia, mwaka 1906, akaipa jina la ndege asiyeruka wa New Zealand, kwa kuwa mkewe alikuwa mtu wa huko. Vita vya kwanza vya dunia vikaitembeza katika mabuti ya askari, na sasa mtoto wa Kanyenye husema "kupiga kiwi" wala hajui kwamba amemtaja ndege.

Mwenye kutaka kujitengenezea dawa nyumbani aweza. Achukue sehemu moja ya nta safi iliyochujwa, na tapentaini sehemu mbili au tatu kwa uzani, na masizi ya taa kidogo kama viatu ni vyeusi. Lakini asikilize vizuri: nta isiyeyushwe juu ya moto wenyewe. Itiwe katika kopo, na kopo liwekwe ndani ya sufuria ya maji ya moto. Nayo sufuria iepuliwe kabisa na kuchukuliwa mbali na moto kabla ya tapentaini kumiminwa, kwa kuwa mvuke wa tapentaini hushika moto upesi kuliko mafuta ya taa. Tumeona nyusi za mwanafunzi mmoja zikiondoka kwa kutojali neno hilo. Zilirudi baada ya muda, lakini picha yake ya kitambulisho ilikuwa imekwisha kupigwa.

Sasa mtambo. Mitambo ya kung'arisha kwa kuzungusha mkono si jambo jipya. Katika karne ya 19 nyumba kubwa za Uingereza zilikuwa na mtambo wa kusafishia visu, na George Kent wa London alijulikana sana kwa kuviuza. Ulikuwa kama pipa la mbao lililosimamishwa kwa ubavu, lenye matundu ukingoni. Mtumishi huchomeka visu katika matundu, hutia unga wa kusugulia, huzungusha mkono wa chuma, na brashi zilizo ndani huzunguka na kusugua visu vyote kwa mara moja. Kazi ya saa nzima ikawa ya dakika chache. Lakini mwaka 1913 Harry Brearley wa Sheffield alipata chuma kisichoshika kutu, na visu vilipotengenezwa kwa chuma hicho, mtambo ule mzuri ukakosa kazi. Leo hutazamwa na watu katika nyumba za makumbusho. Hatukulitia maanani neno hilo wakati ule.

Wetu tuliutengeneza kwa jiwe la kunolea, lile la kuzungushwa kwa mkono ambalo hufungwa kwenye meza ya fundi. Wanafunzi wetu wa ualimu walilitoa jiwe, wakaacha mhimili. Ndani mna magurudumu mawili yenye meno, kubwa na dogo, na tulipoyahesabu, kubwa lilikuwa na meno 60 na dogo 12. Basi ukizungusha mkono mara moja, mhimili huzunguka mara tano. Ni siri ile ile ya cherehani ya mkono, ambayo fundi akizungusha gurudumu mara moja sindano hushona mara kadhaa. Mahali pa jiwe tukaweka gurudumu la mti lenye upana wa sentimeta 20, seremala akalizungushia nyuzi za katani kama brashi.

Tulijaribu kwanza kiatu chetu wenyewe, na vizuri tulifanya hivyo, maana katani ilikikwaruza kama paka. Tukatoa katani, tukafunga vipande vya blanketi kuukuu kwa tabaka, na safari hii kiatu kikatoka kinang'aa kama bilauri. Tulifurahi kupita kiasi. Tukaenda ubaoni na chaki tukawaonyesha wanafunzi hesabu yake. Mtu akizungusha mara 60 kwa dakika, gurudumu huzunguka mara 300. Mzingo wake ni karibu sentimeta 63. Maana yake blanketi hupita juu ya ngozi mwendo wa meta 189 kwa dakika moja. Mkono wa kijana wetu je? Brashi yake huenda sentimeta 25 na kurudi 25, mara mia kwa dakika: meta 50. Mtambo wamshinda karibu mara nne! Tuliandika namba hiyo kwa chaki ya rangi na kuipigia mstari chini yake.

Hesabu ile haikuwa na kosa lo lote. Twawaombeni mlikumbuke neno hilo, maana mambo yaliyofuata hayakuharibika kwa sababu ya hesabu mbaya.

Jumamosi moja mwezi wa Oktoba tulifika Kanyenye na mtambo umefungwa juu ya kimeza, umebebwa na wanafunzi wawili. Watu walijaa. Kijana akatuamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akautazama mtambo kwa adabu, akaushika mkono wake, akauzungusha pole pole, akasema ni kitu kizuri. Wala hakusema zaidi. Wateja wa kwanza walikuja kwa kutaka kuona ajabu, na kwa saa moja tulidhani tumefaulu.

Halafu tukaanza kuona. Mteja huja na viatu miguuni. Kwa sanduku la zamani huweka mguu mmoja juu, akasimama kwa mwingine, akaendelea kuongea na mwenziwe. Kwa mtambo hana budi kuvua, na akivua, mguu wake wa soksi auweke wapi? Chini ni mchanga wa Kanyenye, nao saa saba za mchana huunguza. Tukatandika gunia. Wazee wawili walikanyaga gunia, wengine walitazama soksi zao, wakakumbuka kwamba wana haraka. Hatukuwa tumefikiri kwamba soksi za mtu ni siri yake, na kwamba tundu la kidole gumba laweza kumzuia mtu mzima asivue kiatu mbele za watu.

Tena mtambo ulitaka watu wawili, mmoja wa kuzungusha na mmoja wa kushika kiatu kwa mikono yote miwili, kwa sababu ukikishika kwa mkono mmoja gurudumu hukupokonya. Kijana akamwita rafiki yake, nao wakawa wagawane malipo ya jozi moja.

Kisha ukaja msiba wenyewe. Bwana mmoja, karani, alileta kiatu kizuri cha mtindo mpya. Kijana alikigusa kwa kidole, akasita, akatutazama. Sisi tukampa ishara aendelee. Ngozi ile haikuwa ngozi. Ilikuwa plastiki iliyobandikwa juu ya kitambaa, kama vilivyo viatu vingi siku hizi. Joto la gurudumu ambalo tulilisifu ubaoni liliikunja ile plastiki kama gome la mti, ikabanduka kwa upana wa sarafu, penye ncha hasa, mahali ambapo hapafichiki. Yule bwana hakupiga kelele. Alivaa kiatu chake, akasema kwa sauti ya chini mbele ya watu wote kwamba amekuwa mteja wa kijana huyu miaka miwili na hajapata kuharibiwa kitu. Akaenda zake. Kiatu tulikilipa sisi, kama ilivyopasa. Lakini mteja hatukuweza kumlipa. Na kwa siku nne zilizofuata kijana alipata jozi tatu, tano, tatu, nne, kwa kuwa habari ya kiatu kilichoungua ilikuwa imezunguka soko lote upesi kuliko gurudumu letu.

Oktoba ilikuwa inakwisha. Siku zile nne tulipita njia nyingine kwenda chuoni, na njia ile nyingine ni ndefu.

Siku ya tano tulikwenda kumtaka radhi. Alikuwa amekaa juu ya sanduku lake, mtambo umefunikwa gunia nyuma ya mwembe. Tulipokwisha kusema yetu, akatujibu kwa upole, akitafuta maneno, kama mtu amwambiaye mkubwa wake jambo gumu. Alisema: "Mwalimu, ule mtambo haufuti vumbi."

Tukamwuliza maana yake. Akatuonyesha. Alichukua kiatu chetu, akatutaka tutazame saa. Kukisafisha kwa maji na mswaki, kukikausha, kupaka dawa, kungoja ikauke: katika dakika kumi za jozi moja, hayo yalikula dakika sita. Brashi ilikula tatu. Kitambaa cha mwisho, moja. Mtambo wetu ulikuwa unashindana na zile dakika tatu tu. Hata kama ungalikuwa na kasi ya gari moshi, ungaliokoa dakika tatu kati ya kumi, na hizo ulizila tena kwa kumvua mteja viatu na kumvika. Sisi tulikuwa tumeipima brashi. Yeye alikuwa ameipima kazi.

Akaongeza neno lingine. Alisema wateja wake si wote hutaka upesi. Yuko mzee mmoja ambaye huja kila Ijumaa na viatu vilivyo safi tayari. Huweka mguu juu ya sanduku ili asimame barabarani kwa dakika kumi, aone watu na kuonwa.

Neno hilo lilitukumbusha picha moja iliyo katika vitabu vya historia ya upigaji picha. Mwaka 1838 Mfaransa aitwaye Daguerre alipiga picha ya barabara mjini Paris kutoka dirishani juu. Siku zile picha ilihitaji dakika kadhaa kuingia katika bamba, na kitu chochote kilichokwenda hakikuonekana. Barabara ilikuwa na watu na magari ya farasi, lakini katika picha ni tupu, kama mji uliohamwa. Isipokuwa penye pembe moja anaonekana mtu amesimama, mguu mmoja umeinuliwa: alikuwa anasafishiwa viatu. Huyo ndiye husemwa kuwa mwanadamu wa kwanza kuonekana katika picha tuijuayo. Jina lake halijulikani, wala la yule aliyemsafishia, ambaye aonekana kama kivuli kwa sababu mikono yake haikutulia. Tulimweleza kijana habari hiyo. Akacheka sana, akasema, "Basi angekuwa na mtambo wako, Mwalimu, wasingemwona mtu."

Tulikubali. Tukasema tutauchukua mtambo turudishe jiwe lake. Hapo akatuzuia. Kumbe siku zile nne hakuwa amekaa bure. Alikuwa ameufunua, ameuzungusha, na ameuwazia. Akatuuliza: "Chuoni kwenu, wanafunzi wanaolala bwenini ni wangapi? Na Jumapili jioni viatu vyao viko wapi?"

Viatu vyao, Jumapili jioni, viko chini ya vitanda. Haviko miguuni. Na wenyewe wana muda wa kuvisafisha na kuvipaka dawa, kwa kuwa hiyo ni amri ya bweni. Kilicho kizito kwao ni kusugua. Kijana alikuwa ameona kwa kichwa chake jambo ambalo sisi, tulalao karibu na mabweni hayo, hatukuliona: kwamba mtambo haukuwa mbaya, ulikuwa umepelekwa mahali pasipo pake. Wafaa penye viatu vingi visivyo na miguu.

Tuliomba ruhusa kwa wakubwa wetu, wakatukubalia. Jumapili ya kwanza ya Novemba wakaja wawili, yeye na rafiki yake. Walipanga viatu ukumbini kwa mstari, jozi arobaini, kila jozi ina kikaratasi. Kwanza kabisa alipita mstari wote akikigusa kila kiatu kwa ukucha na kukinusa, akatenga saba pembeni, za plastiki, akasema hizi kwa mkono. Kisha wakaanza, mmoja akizungusha na mmoja akishika, wakipokezana kila baada ya jozi kumi, kwa maana mkono huchoka. Jozi moja haikufika dakika moja na nusu. Zilipokwisha zile thelathini na tatu, wakazifanya zile saba kwa brashi na kitambaa. Kila mwanafunzi alilipa shilingi mia mbili, ambayo si nyingi, lakini kwa arobaini ni elfu nane kwa jioni moja. Walikuja Jumapili sita mpaka chuo kilipofungwa. Wengine hawakulipa, kama ilivyo desturi ya mabweni. Sehemu yake yeye, tulivyohesabu, ilifika kama shilingi elfu ishirini na moja.

Godoro halikupatikana lote kwa fedha hiyo, tusije tukawadanganya. Nusu ya bei ilitoka katika sanduku la Kanyenye, ambako wateja walirudi mmoja mmoja mwezi wa Novemba, baada ya mtambo kuondoka machoni pao. Sanduku la chuma alilitoa bibi, lilikuwa la marehemu babu yao. Dada alifaulu, akapangiwa shule ya kulala, na Januari tulimwona stendi ya basi, godoro limekunjwa na kufungwa kwa kamba ya katani, viatu vyeusi miguuni. Kaka yake alikuwa amevipiga kiwi usiku, na asubuhi, hata walipokuwa wanangoja basi, alipiga goti mchangani akavifuta tena kwa upindo wa shati, ingawa palikuwa pamebaki hatua tano tu kufika mlangoni pa basi.

Yule karani tulikutana naye mwezi uliopita. Mguu wake ulikuwa juu ya lile sanduku chini ya mwembe, na alikuwa anaongea na mwenziwe habari za mvua. Alitutazama, akatazama viatu vyetu vilivyojaa vumbi, akasogea kidogo ili tupate nafasi ya kungoja zamu yetu kivulini.